Kikokotoo kilisema 17,000, barua ya chuo inasema vingine

Mshauri, shikamoo.

Mimi na mume wangu ni Watanzania, tuko Texas miaka mingi na tuna ukaazi wa kudumu. Mimi ni muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya wazee, mume wangu ana lori lake anabeba mizigo. Binti yetu wa kwanza anamaliza sekondari mwaka huu na amepata nafasi vyuo viwili: chuo kikuu cha binafsi kilicho jimbo jingine, ambacho amekitamani tangu yuko darasa la tisa, na chuo kikuu cha umma cha hapa jimboni.

Oktoba mwaka jana, kabla hajatuma maombi, tulikaa tukajaza kikokotoo cha gharama kwenye tovuti ya kile chuo cha binafsi. Kikatupa majibu: gharama zote za mwaka dola 61,000, ruzuku 44,000, familia italipa 17,000. Tukapiga hesabu, tukaona tukijibana tunaweza kutoa dola 1,400 kwa mwezi, yaani 16,800 kwa mwaka. Tukamwambia mtoto, haya, omba.

Barua ya msaada wa kifedha imekuja. Gharama 65,600. "Jumla ya msaada" 44,100. "Kiasi kilichobaki" 21,500. Nimeisoma mpaka macho yanauma. Msaada ni uleule, tena umezidi dola 100, sasa hizo 4,500 za juu zimetoka wapi? Ndani ya msaada wameandika ruzuku 36,100, mkopo wa serikali wa mwanafunzi 5,500 na kazi za chuoni 2,500. Kwenye gharama kuna mstari wa bima ya afya 2,400 ambao kwenye kikokotoo haukuwepo, na bima ya kazini kwangu inamhusu binti pia.

Nikwambie yote ili unishauri ukijua. Kwenye kikokotoo niliandika kipato kwa kuangalia hati za mshahara za miezi ile. Mwaka 2024 nilifanya sana ovataimu, ilifika kama dola 14,000, lakini 2025 waliikata na sasa sipati hata saa moja. Pia tuna kiwanja Kibaha tulichokinunua kidogo kidogo ili tujenge uzeeni. Kikokotoo kilipouliza uwekezaji niliandika sifuri, maana kile si biashara, ni kiwanja chetu. Ila kwenye CSS Profile, ile fomu ya msaada ambayo baadhi ya vyuo huitumia, waliuliza wazi kuhusu ardhi na nyumba nyingine. Nikaogopa kusema uongo, nikampigia dalali, akasema dola 38,000, nikaandika hiyo. Na kila mwezi namtumia mama yangu dola 300, jambo ambalo hakuna fomu iliyoniuliza.

Mume wangu anasema tuchukue mkopo wa wazazi, elimu haina hasara. Chuo cha umma kimetuandikia kwamba tutalipa 14,200. Mwisho wa kujibu ni tarehe 1 Mei. Je, chuo kimetudanganya? Tukiwauliza, hawatamnyang'anya mtoto nafasi? Na tukope?

Mama wa Binti wa Kwanza, Texas


JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na habari inayouma: pengo lako si dola 4,500. Ni 12,500.

Chukua karatasi. Andika gharama zote, 65,600. Toa ruzuku peke yake, 36,100. Inabaki 29,500, na hiyo ndiyo bei ambayo nyumba yenu mnaulizwa kwa mwaka mmoja. Toa 17,000 ya kikokotoo, utaiona hiyo 12,500. Ile 5,500 waliyoihesabu kama msaada ni deni ambalo binti yako atalilipa pamoja na riba. Ile 2,500 ya kazi za chuoni ni mshahara ambao bado hajaufanyia kazi. Kwanza lazima apate hiyo kazi, kisha alipwe kidogo kidogo kadiri anavyofanya saa, na kwa kawaida pesa hiyo haipunguzi bili ya mwanzo wa muhula. Kikokotoo kilikupa gharama ukitoa ruzuku tu. Barua imekupa gharama ukitoa ruzuku, deni na mshahara. Ndiyo maana 44,000 na 44,100 zinaonekana ndugu wakati hazijuani kabisa.

Usijilaumu kwa kutoliona hilo. Mwaka 2022 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilichunguza barua za namna hii ikakuta kwamba asilimia 91 ya vyuo ama haviandiki gharama halisi ya familia, ama vinaiandika ndogo kuliko ilivyo. Mimi jambo hili linanikera kwa dhati. Barua inayomfikia mzazi anayeisoma usiku baada ya kufanya kazi kwa saa 12 mfululizo haina sababu ya kuchanganya zawadi na deni kwenye jumla moja.

Lakini je, kikokotoo kilidanganya? Hapana. Sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2008 ndiyo iliyovilazimisha vyuo vinavyopokea pesa za msaada za serikali kuweka kikokotoo kwenye tovuti zao, na tangu Oktoba 2011 kila kimoja kinatakiwa kuwa nacho. Sheria hiyohiyo inataka kikokotoo kiseme wazi kwamba jibu lake ni makadirio na halikifungi chuo. Vingine vinauliza maswali machache tu na kukupa wastani wa waliopata wanafunzi wa miaka iliyopita wenye hali kama yako. Vingine vinachimba zaidi. Vyote vinategemea ulichoandika, na hakuna anayekagua.

Sasa tuigawe hiyo 12,500. Dola 4,600 zimetoka upande wa gharama: kikokotoo kilisema 61,000 na barua inasema 65,600. Humo 2,400 ni bima ya afya na 2,200 zilizobaki ni kupanda kwa bei, kwa sababu vikokotoo vingi hutumia bei za mwaka uliopita au hata za nyuma ya hapo. Dola 7,900 zimetoka upande wa ruzuku. Kila upande una dawa yake.

Bima ndiyo nyepesi. Sheria ya Marekani inamruhusu mtoto kubaki kwenye bima ya mzazi mpaka afikishe miaka 26, na vyuo vingi humwachia mwanafunzi mwenye bima yake ajiondoe kwenye ya chuo. Kabla hujafanya hivyo uliza mambo mawili. Kwa kampuni ya bima ya kazini kwako, uliza kama madaktari wa mji wa chuo watampokea binti kwa matibabu ya kawaida au ni kwa dharura peke yake, maana anakwenda jimbo jingine. Kwa chuo, uliza kama akijiondoa ruzuku itabaki palepale. Majibu yakiwa mazuri, 29,500 inashuka kuwa 27,100. Fomu ya kujiondoa hujazwa upya kila mwaka na ina siku yake ya mwisho, na wazazi wengi huipita bila kujua.

Kwenye ruzuku, mwenye kosa kubwa ni mwaka. FAFSA, yaani fomu ya serikali ya kuomba msaada wa kifedha, ya masomo ya 2026–27 inasoma kodi ya mwaka 2024, na CSS Profile nayo huanzia hapo. Wewe kwenye kikokotoo uliandika mshahara wa 2025, usio na ovataimu. Chuo kimeona kipato cha 2024 chenye dola 14,000 ambazo leo hazipo. Katika fomula ya serikali, kipato cha wazazi kikishaondolewa kodi na posho za kujikimu, kila dola ya nyongeza inaweza kuhesabiwa mpaka senti 47 kama pesa mnayoweza kuitoa kwa masomo. Kwa hiyo ovataimu ile peke yake inaweza kuwa imepandisha mchango wenu kwa dola elfu kadhaa. Vyuo vinavyotumia CSS Profile vina fomula zao, ila mwelekeo ni huohuo.

Kiwanja kinafuata, na hapa nakusifu kwa kukiandika. Machoni pa fomu hizi, ardhi isiyo na nyumba mnayoishi ni uwekezaji, iwe Houston au Kibaha, iwe ya kuuza au ya kujengea uzeeni. Hata kikokotoo kilitaka uiandike. Lakini uzito wake ni mdogo kuliko unavyodhani: fomula ya serikali haichukui zaidi ya asilimia 5.64 ya mali za wazazi, hivyo 38,000 inaongeza kama dola 2,140 kwa kiwango cha juu kabisa. Shida yako ni hiyo 38,000 yenyewe. Dalali anakutajia bei ya kuanzia mazungumzo, hasa akimtajia mtu aliyeko Marekani. Fomu inauliza kiwanja kingeuzwa kiasi gani leo, ukitoa deni kama lipo. Tafuta hati ya mauziano mliyoandikishana mliponunua, na mtume ndugu anayeaminika akuletee ripoti ya mthamini aliyesajiliwa. Ikitoka 22,000, ndiyo utakayoipeleka chuoni. Ikitoka 38,000, mnyamaze nayo iendelee kubaki.

Kuhusu lori hujaniuliza, ila lichungulie. Vikokotoo vingi hukosea kwa mtu aliyejiajiri. Kwenye kodi mume wako anaruhusiwa kupunguza faida kwa uchakavu wa lori, na baadhi ya vyuo vinavyotumia CSS Profile huirudisha ile pesa ya uchakavu kwenye kipato kwa hoja kwamba haikutoka mfukoni mwaka ule. Kama ndivyo walivyofanya, waombe waitazame pamoja na marejesho ya mkopo wa lori na matengenezo makubwa, kwa risiti.

Unaruhusiwa kuuliza, tena unapaswa kuuliza. Sheria ya shirikisho inampa afisa wa msaada wa kifedha uwezo wa kurekebisha takwimu za familia moja moja hali ikibadilika, na kupungua kwa kipato ni sababu ya wazi kabisa. Vyuo vinatakiwa kuwatangazia wanafunzi kwamba maombi haya yapo, na haviruhusiwi kuwa na sera ya kuyakataa yote. Kuyakubali yote navyo si lazima, kwa hiyo nguvu yako iko kwenye ushahidi. Nafasi ya binti imeshatolewa na kitengo cha udahili. Kuomba mapitio ya msaada ni jambo la kila siku kwa maafisa hawa na hakumnyang'anyi mtu nafasi yake.

Binti ndiye aanze. Rekodi zile ni zake kisheria, kwa hiyo aandike barua pepe yeye, akuombee ruhusa uzungumze na ofisi, na ajaze fomu ya idhini kama ipo. Barua isizidi ukurasa mmoja. Acha kabisa kutaja ndoto ya tangu darasa la tisa, maana afisa hana safu ya kuiingiza. Sema: kipato cha 2024 kilikuwa na ovataimu ya dola 14,000 iliyokoma 2025. Ambatisha W-2 (hati za mwajiri za mapato na kodi ya mwaka) za miaka yote miwili, hati za mshahara za mwaka huu, na barua ya mwajiri wako inayosema ovataimu ilisitishwa lini. Hiyo barua ya mwajiri ina uzito kuliko kurasa kumi za maelezo yako. Ambatisha pia ukurasa wa majibu ya kikokotoo kama mliuhifadhi, pamoja na takwimu mlizoingiza, na uombe mtu akae na karatasi zote mbili akuonyeshe zinatofautiana kwenye mstari upi. Usilipeleke kama shitaka. Ni ombi la kawaida na ofisi nyingi hulifanya.

Pesa unazomtumia mama ziandike nazo: dola 3,600 kwa mwaka, na miamala ya miezi 12 imechapishwa kutoka kwenye simu. Fomula haizitambui, kwa kuwa mama haishi kwako. Afisa naye halazimiki kuzitambua. Ila ana uhuru wa kuzitambua, na hawezi kuutumia uhuru huo kwa jambo asilolijua. Watu wetu wengi huliona hili ni jambo la ndani lisilosemwa kwa wageni. Liseme, mwanangu. Kumtunza mama yako ni gharama halisi ya nyumba yako.

Na utaje kiasi. Mnaweza kutoa 16,800, na binti akichukua mkopo wake wa 5,500, jumla ni 22,300. Bima ikiondoka, bei ni 27,100. Dola 4,800 ndizo zinazokosekana, basi andika hivyo. Afisa anayesoma "tunaomba mtufikirie" hana pa kuanzia. Anayesoma "tunakosa dola 4,800 na huu hapa ushahidi" anajua la kufanya. Kwenye barua hiyohiyo uliza kama ruzuku ya 36,100 itabaki miaka yote minne, binti anatakiwa kuwa na alama gani ili asiipoteze, na kama itapanda bei ikipanda. Kuna vyuo vinavyokuwa vikarimu mwaka wa kwanza, wa pili vikabadilika.

Sasa mkopo wa wazazi. Mwambie baba watoto nimemsikia, na moyo wake ni mzuri, lakini elimu inaweza kabisa kuwa na hasara kama deni lake limewaangukia watu wenye kiwanja cha uzeeni ambacho hakijajengwa. Parent PLUS, mkopo wa serikali kwa wazazi, ni deni lenu ninyi, halihamii kwa binti hata akipata kazi nzuri. Riba inaanza kuhesabiwa tangu pesa inapotoka, na zaidi ya asilimia 4 hukatwa kama ada kabla haijafika chuoni. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 sheria mpya inauwekea kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja, na mikopo mipya haina tena mlango wa kulipa kulingana na kipato. Mwezi lori likikaa gereji, rejesho ni lilelile.

Tufanye hesabu ya chuo kikikataa kuongeza hata senti. Mikopo ya serikali ya binti inaruhusiwa 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 wa tatu na 7,500 wa nne: jumla 27,000. Ninyi mtakopa 4,800, kisha 3,800, kisha 2,800 mara mbili: jumla 14,200. Ni dola 41,200 za deni kabla ya riba, juu ya 1,400 mnazotoa kila mwezi kwa miaka minne, na hapo nimejifanya bei haitapanda hata mara moja. Umeshaona ilivyopanda kati ya kikokotoo na barua. Na kama ana wadogo zake, nao wanakuja nyuma.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Chuo kikifikisha 4,800 au karibu yake, na kikathibitisha kwa maandishi kwamba ruzuku haitashuka, aende. Kikitoa 1,000 na pole, asiende. Msichukue Parent PLUS kwa ajili ya chuo hiki wakati mna kingine mkononi.

Ila hicho kingine nacho kipime kwa kipimo kilekile leo hii. Hiyo 14,200 ya chuo cha umma ni baada ya kutoa nini? Kama ni ruzuku tu, 16,800 yenu inaimaliza na binti hahitaji kukopa. Kama wameshaingiza mkopo wa 5,500, bei yenyewe ni 19,700 na mna upungufu wa 2,900, ambao mkopo wake unauziba na kubakiza. Hata hivyo bado ni nafuu kubwa.

Tarehe 1 Mei iko karibu na mapitio huchukua wiki kadhaa. Siku hiyohiyo mnapotuma barua, binti aombe kwa maandishi chuo cha binafsi kimwongezee muda wa kujibu mpaka mapitio yaishe. Wakikataa na jibu halijaja, mlipe amana ya chuo cha umma ili asibaki bila kitu. Msilipe vyuo viwili kwa pamoja, vyuo huliona ni kosa na nafasi zote mbili zinaweza kuingia mashakani.

Na mkae na binti kabla jibu halijaja, baba yake akiwepo. Mwonyesheni 29,500, 22,300 na 4,800, na mkubaliane naye kiwango ambacho mkikikosa ataingia chuo cha umma. Ana umri wa kutosha kuijua hesabu hiyo, na mkopo wa kwanza utasainiwa kwa jina lake.